Kuwasha Seva Ukiwa Mbali: Ufunguo Ashike Nani?

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano kwa wahudumu wa ofisi za umma na wananchi, Merigi

  

Mhudumu akisema “sistimu iko chini,” mwananchi wa Merigi anaelewa jambo moja tu: arudi nyumbani, aje kesho. Nauli ya bodaboda imekwenda, na chai aliyoiacha shambani haijachumwa. Mara nyingi kisa ni seva moja, ile kompyuta inayohifadhi rekodi na kuzihudumia kompyuta nyingine za ofisi. Stima ilipotea usiku, ikarudi, seva ikakwama. Inasubiri mtu wa kubonyeza swichi, na pengine mtu huyo yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 200. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu–Narok ilikatika karibu na Suswa, ardhi ilipopasuka baada ya mvua kubwa. Siku kama hiyo hata fundi mwenye gari zuri hafiki.

Seva nyingi za ofisi huja na dawa ya shida hii ndani yake. Ni kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mkuu wa seva. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO. Seva ikizimwa, hiyo ndogo hubaki macho mradi waya wa stima umechomekwa, kama bawabu wa kiwanda cha chai mashine zikiwa kimya. Kupitia kwake fundi aliye mbali huiwasha seva, huona kioo chake kama ameketi mbele yake, hujua ni feni gani imekufa, na anaweza hata kuweka upya mfumo mzima.

Anayeweza kuweka upya mfumo mzima anaweza pia kufuta rekodi zote za zahanati.

Kwa miaka mingi seva za Dell zilitoka kiwandani na jina root na nenosiri calvin, dunia nzima. Hiyo ni kufuli ambayo kila mtu sokoni ana ufunguo wake. Nayo HPE, mwaka wa 2017, ilitoa marekebisho ya iLO 4 baada ya kugunduliwa kwamba mtu angeweza kupita bila nenosiri lolote. Ilitosha kutuma herufi A mara 29 mfululizo. Ofisi ambayo haikuweka marekebisho hayo ilibaki wazi, hata kama nenosiri lake lilikuwa gumu namna gani.

Kwa hivyo fundi akija kuunganisha huduma hii, msimwachie kazi mkaenda kunywa chai. Muulizeni waya wa bawabu huyu umeingia wapi. Unapaswa kuwa na njia yake, mbali na kompyuta za wahudumu, na usionekane kabisa kwenye intaneti ya wazi. Aliye nje aingie kwanza kupitia VPN, ile njia ya siri iliyofungwa. Nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla fundi hajaondoka. Kila msimamizi awe na jina lake, maana jina moja likitumiwa na watu watano, hakuna wa kuulizwa rekodi zikipotea. Na mkandarasi akimaliza mkataba, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo.

Kuna jambo husahaulika sana. Kifaa cha mtandao kinachompeleka fundi hadi kwenye seva nacho hula stima. Kama hakina betri ya akiba, stima ikipotea njia nzima imekufa, na mmerudi kumsubiri mtu wa Nairobi. Jaribuni: zimeni seva makusudi, jioni, ofisi zikiwa zimefungwa, mwone kama aliye mbali ataiwasha.

Sheria haijanyamaza. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kuingia bila idhini kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 taarifa za watu zikivuja na kuna hatari ya kuwadhuru. Saa hizo huanza mnapojua, kwa hivyo kumbukumbu za nani aliingia na lini zisomwe kila wiki.

Wananchi, nanyi mna haki ya kuuliza ni nani anayeweza kuingia kwenye rekodi zenu akiwa mbali. Msimamizi wa wadi yuko hapa, na fundi wa TEHAMA ameketi kando yake. Tuanze na maswali ya akina mama walio nyuma.