Hotuba juu ya Kusimamisha Vyuma vya Majengo kwa Salama



Vijana wetu wengi wa Likoni hutafuta riziki katika majengo ya pwani hii ya Shelly Beach, na jioni watu wa nyumbani huwangoja. Husemwa kuwa ajali haina kinga. Lakini boriti ya chuma ikianguka ina sababu zake. Upepo wa kusi huiyumbisha ingali angani. Basi na iongozwe kwa kamba, wala mtu asisimame chini yake. Chumvi ya bahari hula minyororo na bolti. Basi na zikaguliwe kabla ya kuinua. Tena winchi isiachilie boriti mpaka bolti zisizopungua mbili zimekazwa kila upande.

Msimamizi akihimiza haraka, tukumbuke Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007: mfanyakazi aonaye hatari kubwa yampasa kumwarifu msimamizi wake, wala halazimishwi kurudi mahali pale hatari ingalipo. Twawaomba viongozi wa chama wasimame pamoja na kijana asemaye hivyo, wakazungumze na mwenye kazi, ili asifukuzwe kwa kusema kweli.