MATE NA MENO YA AKINA MAMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wachuma chai wa Kericho na Bomet)



Leo sisemi habari za mshahara. Nasema habari za mate. Msicheke!

Mwanamke afikapo miaka 45 hadi 55, hedhi hukoma, na homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Wengine huona mate nayo yamepungua: kinywa kikavu, ulimi unawaka kana kwamba umelamba pilipili. Si uchawi huo. Lakini mate ndiyo yanayoosha meno na kupunguza ukali wa asidi. Yakipungua, meno huoza upesi.

Na sisi hufanyaje? Mama akikaukwa na kinywa hunywa chai ya sukari, funda baada ya funda, tangu alfajiri mpaka saa ya kupima majani. Sukari hiyo ni karamu ya vijidudu vya meno. Anywe maji. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Na akiwa anameza dawa za presha amwambie daktari, maana baadhi yake hukausha kinywa.

Ziko dawa za kurudisha homoni. Huenda zikaongeza mate kwa wengine, lakini hazitolewi kwa ajili ya meno, nazo zina hatari zake, kama damu kuganda. Hilo ni la mama na daktari wake.

Sasa, maji yatoke wapi katikati ya michai? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali panapofikika. Nyapara akimwita mama mvivu kwa kuyafuata, leteni habari kwa mjumbe wenu wa chama siku ile ile.