Nyumba Isiyo na Pa Kupanda Mchicha

Msikilizaji, juma hili naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipojenga nyumba hapa Dar es Salaam nilimwambia fundi asakafie ua wote kwa saruji, ukuta hadi ukuta. Nilichukia tope. Sasa kila jioni namtuma mtoto gengeni akanunue mchicha, na sijui umemwagiliwa maji gani. Marehemu mama yangu aliuchuma hatua tano kutoka jikoni.

Zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, vyumba sita na korido katikati, zilikuwa na uwani. Huko kulikuwa na jiko, mpapai, na kuku wa kumchinjia mgeni. Waliozijenga wengi hawakusomea usanifu, lakini walijua kwamba watu hula.

Tufanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Jiji hili kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Basi paa la mita 100 za mraba hupokea lita 100,000. Paa langu halina hata mfereji mmoja. Maji yote huteremka kwa jirani, naye hunung'unika, kwa haki kabisa.

Wewe ambaye ramani yako ingali mezani, mwambie fundi aache ukanda wa udongo karibu na jiko, na mahali pa tangi. Kwangu itabidi nyundo. Mchicha huchukua wiki 3 hadi 4 tu, na mke wangu amekwisha nunua mbegu.