Mimea ya Maweni: Jiwe la Unguja na Kinachoota Juu Yake

Unguja haina mlima. Panapoinuka zaidi, kwenye ukingo wa Masingini nje kidogo ya mji, hapafiki mita 150 juu ya bahari. Kwa hiyo mhadhara wa umma kuhusu maua ya majabali, ukitolewa Zanzibar, una wajibu wa kueleza kwanza jabali lenyewe liko wapi. Liko chini ya miguu ya wasikilizaji, na liko katika kuta zilizowazunguka: jiwe la matumbawe, lililotanda mashariki na kusini ya kisiwa na kujenga karibu Mji Mkongwe wote.

Duniani, maua ya mawe yana wafalme wake. Wataalamu wa mimea wakitaja uoto wa majabalini, jina la mwanzo huwa Saxifraga, jenasi yenye spishi zaidi ya 400, nyingi zikiishi katika nchi za baridi. Moja yao, Saxifraga oppositifolia, mmea mdogo unaotambaa na kuchanua maua ya zambarau, umekutwa kaskazini kabisa ya Greenland, na pia juu ya mlima Dom nchini Uswisi, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Nyingine, Saxifraga paniculata, huota kwenye miamba ya chokaa. Mizizi yake hunyonya maji yenye chokaa kupita mahitaji ya mmea, na ziada hutolewa kupitia vitundu vilivyopangika ukingoni mwa jani. Maji yakikauka hubaki ukoko mweupe, na jani lote huonekana limetiwa taraza.

Barani Afrika, Saxifraga hederifolia huota katika nyanda za juu za Ethiopia. Unguja haina hata spishi moja ya jenasi hiyo. Ina jiwe la chokaa, ina ukame wa juu ya jiwe, ina ndugu wa mbali wa Saxifraga, na ina mimea ya koo nyingine kabisa iliyofikia ufumbuzi uleule wa tabu zilezile. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba eneo la mawe la Unguja, ambalo wenyeji huliita uwanda au maweni, si ardhi tupu, na kwamba kuliita tupu kumekigharimu kisiwa mimea yake na kutaendelea kukigharimu.

Jiwe lenyewe lilikuwa hai. Katika zama za Plaistosini, bahari ilipokuwa juu, matumbawe yalijenga miamba chini ya maji; bahari iliposhuka, miamba ikabaki nchi kavu. Mvua, ambayo kwa asili ina uasidi kidogo, imekuwa ikiitafuna tangu hapo. Ndiyo maana uwanda una ncha kali zinazokata viatu, mashimo, mapango na nyufa. Kisiwa hupata mvua nyingi kwa mwaka, takriban milimita 1,600, lakini mashariki maji hayakai juu. Huzama mara moja kwenye jiwe na kwenda kulala chini, juu ya maji ya chumvi, ambako watu wa vijiji vya Makunduchi, Jambiani na Paje kwa karne nyingi waliyafuata visimani na mapangoni. Mmea ulioota juu ya jiwe hupata mvua ya masika na saa chache baadaye hauna kitu.

Tabu haiishii kwenye kiu. Udongo wa maweni ni kidogo, umejificha katika vishimo, na una chokaa nyingi. Chokaa hufunga madini ya chuma, mizizi ikashindwa kuyachukua, na mmea usiozoea hugeuka njano majani machanga huku mishipa yake ikibaki kijani. Wakulima wa kusini wanaifahamu ardhi hii kuliko mtafiti yeyote. Hawaifuati kwa mistari iliyonyooka. Hufuata kishimo kimoja baada ya kingine, wakitumia mtaimbo pale jembe lisipofika, na huliacha shamba lipumzike msituni kwa miaka kabla ya kulirudia. Ofisi nyingi ziliwahi kukiona kilimo hicho kuwa cha ovyo. Kimelisha watu mahali ambapo trekta haliwezi hata kugeuza.

Mimea hii ilifikaje? Mingi haikuhitaji kuvuka bahari. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya wanyama wa bara, wakiwemo pundamilia na nyati, kutoka zama ambazo bahari ilikuwa chini na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Pundamilia walipotembea hapo, mbegu nazo zilitembea. Mkondo kati ya Unguja na bara ulipojaa maji, mwishoni mwa enzi ya barafu, uoto wa Unguja ukabaki ndugu wa damu wa uoto wa Tanga, Bagamoyo na Kilifi. Hata leo, atakayetaka kuielewa mimea ya maweni ya Makunduchi atajifunza mengi akienda Amboni, karibu na Tanga.

Sasa ndugu wa mbali wa Saxifraga. Katika oda ya Saxifragales imo familia ya Crassulaceae, yenye mimea ya majani manene yaliyojaa maji, na katika familia hiyo imo jenasi ya Kalanchoe. Anayejulikana zaidi visiwani ni mgeni kutoka Madagaska, Kalanchoe pinnata, ambaye watoto wengi wa pwani wamemchezea bila kujua jina lake: jani likianguka, au likiwekwa tu juu ya meza, huchipua vimche vidogo kwenye kila pengo la ukingo wake. Mmea huu hauoni shida kuota juu ya gofu. Hauhitaji udongo wa kina. Unahitaji ufa, vumbi kidogo na muda.

Siri yake ya pili iligunduliwa kwa ulimi. Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi India, aliandika katika barua iliyochapishwa mwaka 1815 kwamba jani la mmea huo huwa chachu sana asubuhi, hupoteza ladha adhuhuri, na jioni huwa na uchungu kidogo. Sababu ilikuja kujulikana baadaye. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ukaa, na papo hapo hupoteza maji. Kalanchoe hufunga mchana. Hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, huvuta hewa ukaa na kuiweka ndani ya jani ikiwa asidi. Jua likichomoza, vitundu hufungwa, na asidi ile huvunjwa taratibu ili mmea utengeneze chakula nyuma ya mlango uliofungwa. Ladha chachu aliyoionja Heyne asubuhi ilikuwa akiba ya usiku.

Hapa panastahili kutuliwa, kwa sababu Kalanchoe haiko peke yake. Mishubiri hufanya hivyo. Sansevieria, mkonge pori wa vichaka vya pwani wenye majani magumu yaliyosimama, hufanya hivyo. Na mmea mmoja ambao leo umejaa katika maofisi na mahoteli kuanzia Dubai hadi Toronto una uwezo huohuo: Zamioculcas zamiifolia, wa familia ya magimbi, asili yake Afrika kuanzia Kenya mpaka KwaZulu-Natal, na ambao wafanyabiashara wa maua wa ng'ambo wameupachika jina la Zanzibar. Ulielezwa kisayansi tangu karne ya 19, lakini uliingia katika biashara kubwa miaka ya 1990 tu, kwa mikono ya wakulima wa maua wa Uholanzi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha ushahidi kwamba nao huvuta hewa ukaa usiku. Na tazama jambo la pili: kijijani chake kimoja kikidondoka juu ya udongo huota mzizi na kiazi, na kuwa mmea mpya. Familia ya magimbi na familia ya Kalanchoe hazina udugu wa karibu. Jiwe na kiu ndivyo vilivyozifundisha somo moja.

Ng'ambo ya mkondo kuna shahidi wa tatu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alimpelekea baba yake mbegu za ua dogo la samawati. Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Ulimwengu unalihusisha ua hilo na milima ya Usambara, lakini habari za mwanzo zilitaja pia nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, mahali pa chini kabisa. Yaani mojawapo ya maua ya chungu mashuhuri duniani lina makao katika mwamba wa chokaa wa pwani ya Waswahili. Nalo huzaliwa upya kutokana na jani moja. Ndivyo wapenzi wake Ulaya na Marekani wanavyoligawiana mpaka leo.

Zanzibar ilikuwa mlango wa maua kama hayo. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyeiwakilisha Uingereza visiwani kuanzia miaka ya 1860 hadi ya 1880, alipeleka mbegu na sampuli nyingi katika bustani ya Kew. Ua moja la msituni alilolipeleka lilichapishwa mwaka 1882 kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa Sayyid Barghash. Baadaye lilitambuliwa kuwa spishi moja na Impatiens walleriana, na leo linauzwa vikasha kwa vikasha katika miji ya baridi. Kirk alifanya kazi kubwa na ya kweli. Hata hivyo vibandiko vya sampuli za zama zake vinataja mkusanyaji na mtawala, na mara chache sana vinamtaja mtu wa kijijini aliyejua ua linapoota. Upungufu huo haujazibwa.

Kitabu cha R. O. Williams kuhusu mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, kilichochapishwa mwaka 1949, bado kinafunguliwa na wanaoanza kuichunguza mimea ya visiwa. Tangu hapo mengi ya uwanda yamebadilika. Vichaka vinakatwa kwa kuni na mkaa, jiwe linachimbwa kwa ujenzi na kuchomwa kwa chokaa, na ukanda wa mashariki umejaa mahoteli. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, inalinda sehemu ya vichaka vya mawe pamoja na kima punju. Msitu wa Kiwengwa-Pongwe unalinda sehemu nyingine, na mapango yake. Paa nunga, mmoja wa wanyama adimu wa kisiwa, hujificha katika vichaka hivihivi ambavyo ramani za uwekezaji huvionyesha vyeupe. Mtapo, Encephalartos hildebrandtii, unaokua taratibu mno na uliopewa jina la kisayansi mwaka 1874, ni wa jenasi ambayo biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti makali kuliko yote. Mche mmoja uking'olewa maweni na kupandwa mbele ya lango la hoteli, hauwezi kuitwa mapambo. Ni hasara ya miaka mingi iliyofanywa kwa alasiri moja.

Kutoka uwandani mpaka mjini jiwe halibadiliki. Ukuta wa Mji Mkongwe ni tabaka mbili za mawe ya matumbawe na kati yake kifusi, udongo na chokaa. Juu yake lipu ya chokaa, inayozuia mvua isiingie ndani. Lipu ikidondoka, ukuta unarudi kuwa mwamba, na mimea ya mwamba hurudi nayo. Hutangulia kuvu na mwani wa kijani, hufuata kangaga za aina mbalimbali, hufuata majani ya mbegu za upepo. Mwisho huja miti ya jamii ya mkuyu. Ndege na popo hula tunda, huacha mbegu juu ya ukingo wa paa au penye mfereji wa mabati uliotoboka, na mzizi hushuka ndani ya ukuta ukifuata unyevu. Mzizi mwembamba kama uzi huingia, na miaka kadhaa baadaye hutanuka na kusukuma mawe.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, na UNESCO, iliyouingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zinaijua hatari hiyo. Kinachohitaji kusemwa kwa wenye nyumba ni kwamba si kila jani ukutani ni adui. Kangaga ni dalili: inaonyesha maji yanapovuja, na anayeing'oa bila kuziba mfereji ataiona tena baada ya masika. Kalanchoe juu ya ukingo ina mizizi mifupi na madhara madogo. Mkuyu ndio usiosubiriwa. Mche wa kimo cha kidole hutoka kwa mkono. Mti mkubwa ukivutwa kwa nguvu huja na ukuta. Hukatwa, shina likauliwa lilipo, na mawe yakafunguliwa kwa uangalifu mpaka mzizi utoke.

Pengo linalobaki lijazwe chokaa, si saruji. Saruji hufunga unyevu na chumvi ndani ya jiwe, na jiwe la matumbawe lenye chumvi humomonyoka nyuma ya lipu ngumu pasipo mtu kuona. Chokaa iliyorowekwa vizuri hupumua pamoja na ukuta. Wakati wake ni kaskazi, kabla masika hayajaanza, na fundi hufunika kazi kwa magunia mabichi na kuinyunyizia maji kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa ikikaushwa haraka na jua hupasuka, na ufa wa upana wa ukucha unatosha kwa mbegu inayofuata.