Bahari Iliyotengwa na Riziki Yetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Malindi, Watamu na Kilifi)



Nimeombwa niseme habari ya wavuvi na mabaharia wa mashua za wageni, kwa sababu ugomvi baina yao umezidi, wala hauna faida kwa upande wowote.

Yafaa tuanze na asili ya jambo. Mwaka 1968 serikali ilitenga maji ya Malindi na ya Watamu yawe mbuga za bahari, za kwanza katika Kenya. Maji hayo ni ya namna mbili. Kwanza ni mbuga yenyewe, na humo ni marufuku kuvua, kuokota kombe au kuvunja matumbawe. Mbuga ya Malindi ni kadiri ya kilomita za mraba 6, na ya Watamu kadiri ya 10. Pili ni maji ya akiba, pamoja na Mida, na humo mvuvi aruhusiwa kuvua kwa vyombo vya asili kama mshipi na malema. Sikilizeni vizuri: ruhusa hiyo ni ya sheria, si hisani ya mtu.

Mwamba uliofungwa ulikuwa karibu na nyumbani. Mwenye mtumbwi wa kasia aweza kwenda mwambani kutafuta tafi, changu na pweza. Hawezi kumfuata jodari bahari kuu. Kwa hiyo mzigo wa kufungwa maji uliwaangukia wenye vyombo vidogo, na uchungu huo haujesha.

Leo mvuvi asema mashua za wageni zakata kamba za malema yake. Baharia naye asema mvuvi avutaye juya ang'oa matumbawe na kumaliza samaki wachanga, hata mgeni asione kitu. Wote wawili wana haki. Juya limekatazwa Kenya tangu 2001, na anayelivuta ala mbegu ya kesho. Lakini kukata lema la mtu ni kumnyang'anya chakula cha watoto wake.

Sasa nawauliza, fedha zaenda wapi? Mgeni alipa kiingilio kwa Shirika la Wanyamapori, alipa nauli kwa mwenye mashua, na baharia hupewa kilichobaki. Mvuvi asiye na chombo naye hali kadhalika: hutolewa fungu la chombo, hutolewa fungu la nyavu, ndipo watu wagawane. Basi wote wawili ni watumishi. Tena adui yao wa mwaka ni mmoja. Kusi ikianza, kadiri ya mwezi wa Aprili, bahari yachafuka, masika yanyesha, wageni wapungua, na wote wakaa pwani mikono mitupu. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu ni kutengana.

Tazameni Kuruwitu, kusini ya mji wa Kilifi. Huko wenyeji waliunda chama chao mwaka 2003, na baadaye wakafunga wenyewe sehemu ya mwamba, kadiri ya hekta 30. Hawakungoja amri. Samaki walirudi, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hapo funzo ni kwamba aliyekaa barazani wakati wa kukata shauri huwa mlinzi wa shauri hilo. Aliyeletewa amri tu huikwepa usiku.

Kwa hiyo naleta mambo matatu.

La kwanza, wavuvi waingie katika kamati za usimamizi wa pwani, zinazojulikana kama BMU, zilizowekewa kanuni mwaka 2007. Kamati si ya wenye vyombo peke yao. Mabaharia wa vyombo vya uvuvi nao wana viti vyao. Kiti kisichokaliwa hukaliwa na mwingine.

La pili, baharia wa kuajiriwa ajue haki yake. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima ahesabiwa mtumishi wa mwezi, na mapatano ya miezi mitatu au zaidi lazima yaandikwe. Tena mtumishi akiumia kazini, tajiri apaswa kupeleka habari serikalini katika siku 7. Basi andikeni siku mlizofanya kazi, kila mtu katika daftari yake. Na mashua isiyo na maboya ya kuvaa yatoshayo watu wote, msiing'oe nanga. Mkikataa wote pamoja, hakuna atakayefukuzwa kwa urahisi. Akikataa mmoja, kesho yuko nje.

La tatu, wavuvi na mabaharia wakutane kabla ya kaskazi, yaani kabla ya Novemba, wapatane njia za mashua. Mvuvi atie bendera juu ya boya la lema lionekane mbali; nahodha asipite juu yake, wala asitupe nanga juu ya matumbawe. Jambo hili halihitaji fedha ya mtu.

Ndugu zangu, mwamba ukifa, mvuvi hana samaki na baharia hana mgeni. Mwenye mashua ataiuza aende zake. Sisi tutabaki hapa hapa. Yajadilini haya katika matawi yenu, na majibu yafike kwa Katibu kabla ya mkutano ujao.