Nafasi kati ya Herufi: Uamuzi wa Kisintaksia katika Lugha za Aljebra ya Kompyuta



Nianzie Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero, karibu na Ifakara. Takwimu za mbu zilizokusanywa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja kutumika katika vielelezo vya kihisabati vya malaria. Katika milinganyo ya jadi ya taaluma hiyo, m ni idadi ya mbu kwa kila mtu, na a ni mara ambazo mbu mmoja huuma watu kwa siku. Kwa kuwa mbu sharti aume mara mbili, kwanza apate vimelea kisha aviambukize, huandikwa ma², yaani m mara a mara a.

Mwanahisabati huacha alama ya kuzidisha kwa sababu majina yake ni ya herufi moja moja. Lugha ya programu huruhusu majina marefu. Kama kukaribiana kwa herufi kungekuwa kuzidisha, jina “mbu” lingesomwa m mara b mara u. Waundaji wakalazimika kuchagua. Katika Mathematica, iliyotolewa mwaka 1988, nafasi tupu huzidisha: “m a” ni zao, ilhali “ma” ni jina jipya. Katika Maxima, mrithi wa Macsyma iliyoanzishwa MIT mwaka 1968, sharti kinyota kiandikwe: m*a.

Jambo hili si geni kwetu. “Wana maji” ni taarifa. “Wanamaji” ni mabaharia. Maandishi yote mawili ni sanifu, wala hakuna kamusi itakayomkosoa mwandishi aliyekosea nafasi.

Hatari iko hapo. Aljebra ya kompyuta hulipokea jina lisilo na thamani kuwa kisichojulikana halali. Mwanafunzi akiandika ma^2, kisha akauliza kiasi hicho hubadilika kwa kasi gani a inapobadilika, atajibiwa 0 bila onyo lolote, ilhali jibu sahihi ni 2am. Kwa jibu hilo, kuuma kwa mbu hakuchangii malaria, na chandarua ni pambo la kitanda.

Kwa hiyo naunga mkono kinyota. Hakizuii kila kosa, maana “ma” bado itapita; lakini aliyezoea kukiandika atauona upungufu kinapokosekana. Nasi tusiuone utenganishaji wa maneno kuwa kazi ya mpiga chapa. Ni sehemu ya sarufi, na maana hupotea humo kimyakimya.