Si Kila Samaki Mrefu ni Kambare

Leo tuzungumze juu ya wale samaki warefu kama nyoka. Karibu na Ziwa Viktoria kuna vikundi vinavyofuga vifaranga vya kambare, maana wavuvi wa mbuta huvinunua vikiwa hai kuwa chambo. Ni biashara nzuri. Lakini ukinunua ndoo ya vifaranga vilivyochotwa kwenye matope, humo ndani huenda mkawa na mgeni, na pesa ya kikundi ikaliwa usiku usiku.

Tunashauri hivi: kabla ya kumwaga ndoo kidimbwini, samaki wakae siku kadhaa kwenye tangi la kioo hapo nyumbani. Kwenye ndoo unaona migongo tu. Kwenye kioo unamwona samaki ubavuni, mapezi yote wazi.

Kambare, au mumi, ana kichwa kipana kilicho bapa, ngozi isiyo na magamba, na sharubu nane. Hesabu, usikisie. Mkia wake ni wa mviringo, umeachana na lile pezi refu la mgongoni. Ukimshika, jihadhari na miiba ya mapezi ya kifuani, inachoma kweli.

Kamongo ni mwingine kabisa. Hana sharubu. Mapezi yake manne ni kama nyuzi zinazoning'inia, na mkia umechongoka, umeungana na pezi la mgongo. Magamba anayo, ila ni madogo. Meno yake ni mabamba yanayovunja hata konokono, na anaweza kufika karibu mita 2. Hatusemi ni samaki mbaya. Kuna konokono wanaobeba kichocho, na yeye hula konokono. Lakini kumweka pamoja na vifaranga ni kumpa fisi kazi ya kuchunga mbuzi. Na watoto wasitie vidole tangini!

Huko ziwani yuko pia mkunga wa miiba: mwembamba, pua imechongoka kama kamkonga kadogo, na mgongoni ana safu ya vijiba vifupi. Mchana hujificha kwenye mawe. Huyo ni wa kutazama tu.

Wenzetu wa Tana na Sabaki wana mkunga wa kweli, asiye na sharubu wala mapezi ya tumboni. Huzaliwa Bahari ya Hindi, hukulia mtoni, kisha hurudi baharini kuzaa. Kwa hivyo mtu akikuambia ati anakuuzia mkunga wa kuzalisha dimbwini, mpe kwaheri.

Sasa tangi lenyewe. Kambare na kamongo hupanda juu kuvuta hewa, na kamongo akizuiwa chini anakufa maji, ingawa ni samaki. Basi usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya shubiri moja. Funika kwa wavu wa waya na uweke jiwe juu, maana kambare hutoka usiku akatambaa sakafuni. Chini weka mchanga laini na vipande vya paipu wajifiche. Maji ya mfereji yakae wazi siku nzima kwanza ili dawa itoke. Badilisha sehemu tu ya maji, si yote kwa mara moja. Walisheni jioni, na chakula kilichobaki kitolewe kabla hakijaoza. Vifaranga vya kambare hupenda joto la digrii 25 hadi 30, kwa hiyo walio milimani wajue kwamba kwao vitakua polepole.

Mkimpata mgeni, mrudisheni pale pale alikotoka, si mto mwingine. Na hata wakiwa kambare watupu, mkubwa humeza mdogo. Kila wiki wapangeni kwa ukubwa, wakubwa karai lao, wadogo lao, na katibu aandike idadi kabla na baada.